Nilivyowaugulia wageni wodini London wakati siumwi

Wakuu, salamu kwenu. Hii si chai, ni kisa cha kweli. Mimi ni wa darasa la saba, ila nina kidaftari changu, na nimechungulia humo kabla ya kuandika. Nikikosea nirekebisheni.

Ni miaka ya elfu mbili mwanzoni, naishi Barking, nafanya cleaning maofisini. Nikakutwa na kansa ya titi.

Oparesheni ya kwanza walitoa uvimbe tu. Nikachomwa morphine, ile dawa kali ya maumivu, nikatapika siku mbili. Kumbe uvimbe haukwisha, so ya pili ikawa kutoa titi lote. Mwenzenu sikuogopa kisu, niliogopa kutapika.

Daktari wa usingizi, mama mpole, akasema kuna ganzi ya sindano mgongoni, pembeni ya uti wa mgongo. Inalaza mishipa ya fahamu ya kifua upande ule, hivyo huenda nisihitaji morphine. Nikauliza kama nitapooza. Akajibu madhara makubwa ni nadra sana, ila wakati mwingine ganzi haishiki. Nilimpenda kwa kutonificha. Nikasaini.

Niliamka natafuta maumivu siyaoni. Kwapani tu palivuta kidogo. Nesi akauliza maumivu ni ngapi kati ya kumi, nikasema moja. Akaniletea toast.

Ndipo akaingia Mama Neema na wenzake wawili wa kikundi chetu cha sala. Mabasi mawili, mvua, thermos ya uji, nyuso za msiba. Wananikuta natafuna.

"Hivi wewe, wamekukata kweli?"

"Wamekata, dada."

"Mbona unakula kuliko mimi?"

Haki ya Mungu, Mama Neema hakusema kwa ubaya. Lakini niliona aibu. Watu wamekuja kuona mgonjwa, mgonjwa hayupo.

Nikaweka toast chini, nikaguna. Wakasogea. "Pole, mdogo wangu." Nikaguna tena, na hii ilitoka vizuri mpaka nikajihurumia.

Nesi akaja haraka. Sasa ni ngapi? Wote wananitazama. Nikasema nane.

Akarudi na morphine.

Nikakumbuka zile siku mbili za kutapika. "Sister, subiri. Ni moja. Nilikuwa nawaugulia wageni." Nikarudia kwa Kiswahili, maana na wao niliwadanganya.

Nesi akaiangalia chati yangu. "So next time, which one do I believe?"

Yaani siku nyingine aamini namba ipi.

Mama Neema akakaa kitandani. "Sisi tumejiandaa kwa maombi ya saa nzima. Tuombee nini sasa?"

"Hiyo moja."

Wakaiombea, wakuu. Saa nzima.

Kesho yake ganzi iliisha, kifua kikauma kweli. Nikamwita nesi yule yule, nikasema sita. Akanitazama usoni. Nikamwambia, leo wageni hawapo.

Akaleta vidonge, hakuuliza tena.

Nilichojifunza, kama nimejifunza: ganzi ilinibeba siku moja, si muujiza, na mwingine inaweza isimshike. Ila namba ya maumivu ni yako, usimpambie mtu.

Mliowahi kulazwa, nyie mlitaja ngapi, na nani alikuwa amekaa pembeni?