Siku Niliyowaonyesha Uani Kwetu

Mwanangu, keti hapa, na leo nina hasira wala sizifichi. Nimekusikia ukisema wabara wafukuzwe hapa pwani. Maneno hayo hayo niliwahi kuyasema mimi, na yakamlemaza mtu.

Ile siku ya mkutano naikumbuka kama jana. Ilikuwa miaka ya sitini, tukikaa Majengo. Mchumba wangu alikuwa akidamkia lango la bandari kutafuta kibarua, kila siku akirudi bure, na harusi yetu ikisogezwa tu. Basi akaja mwanasiasa mmoja, suti imenyooka, akapanda juu ya lori. "Kazi zenu zimechukuliwa na wabara!" Nami nikaamini, nikaitikia na wenzangu kwamba wafukuzwe, mjinga mimi! Nikamfikiria Mutua, jirani yetu Mkamba, kuli wa bandarini. Mutua yule yule aliyembeba babangu mgongoni hadi hospitali alipougua.

Mkutano ulipokwisha, vijana wakaja mtaani na marungu. Mama, ambaye hata muuza samaki hakumruhusu kuvuka ukumbi, alimwingiza Mutua uani, akamficha nyuma ya kuni. Kisha akasimama mlangoni. "Ndani mna wanawake," akawaambia. Wakaanza kugeuka, maana uani kwa watu haingii mwanamume asiye wa nyumba.

Mimi nikasema, "Yuko nyuma ya kuni."

Wakampiga kikumbo mama, wakaingia. Mutua hakufa, alhamdulillahi, lakini mkono wake wa kulia haukuinua gunia tena.

Mama hakunipiga. Alinitazama tu, akasema, "Salma, mimi nimezaa nini?" Kwa muda mrefu hakula nilichopika.

Na ile kazi ya Mutua? Wallahi, damu yanichemka mpaka leo! Alipewa mpwa wa yule mwanasiasa wa juu ya lori. Mchumba wangu akabaki pale pale langoni.

Siku ya kuhama, Mutua alikuja kumuaga mama. Akampa mkono wa kushoto, akamwomba radhi kwa kumpa wa kushoto. Yeye ndiye aliyeomba radhi, mwanangu!

Kukosa kazi kunauma, na una haki ya kukasirika. Lakini mtu akikwambia jirani yako ndiye adui, muulize yeye atapata nini, na kazi hizo hugawa nani. Na aliyekimbilia kwenu, awe wa kabila au dini yoyote, usimtoe.

Haya, lete mkono wako wa kulia niushike. Mungu akuhifadhie mkono huu, nao usiinuke kamwe juu ya jirani. Amin.