Koili Niliyoificha Chini ya Kitanda

Nichekeni tu, lakini mnisikie kwanza. Kwenye ploti yetu ya wapangaji huku Uthiru, vyumba vyote vinategemea fyuzi moja, na Mama Njeri mwenye ploti amekataza koili za kupikia, zile nyaya za umeme zinazowaka nyekundu. Mimi niitwaye Karani ninayo. Huwa naificha chini ya kitanda.

Jumapili jioni, majirani wakipiga pasi nguo za Jumatatu nami nikichemsha maharagwe, stima ikapotea. Nilikuwa wa kwanza kutoka nje, na wa kwanza kupiga kelele.

“Kuna mtu anatumia koili! Atatuchomea nyumba! Ahamishwe leo leo!”

“Afadhali fyuzi iungue kuliko nyumba,” Mama Njeri akasema. “Kila mtu azime vitu vyake, niweke ingine.”

Wenzangu wakaingia kuzima taa na pasi. Mimi bado nilikuwa nahutubia.

Akaweka fyuzi. Vyumba vyote vilibaki giza, ila pazia la dirisha langu, ambalo lilianza kuwa jekundu polepole. Ploti nzima ikaligeukia.

Mama Njeri akanishika bega. “Karani, kimbia basi. Maharagwe yako yataungua.”