Majabali Ambayo Mama Hakuyatazama

Jirani yetu wa mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, Doha, alisema mtoto wa yaya ataiona Krabi ya Thailand kwenye kalenda tu. Nimefika, kwa diploma yangu na nauli yangu.

Alasiri moja utotoni, mama alirudi Doha kutoka huko na familia ya tajiri wake, begi lake likinukia mafuta ya nazi.

"Mama, yale majabali ya baharini ni marefu?"

"Sikuyatazama, baba. Nilikuwa natazama watoto wasizame."

Nilidhani ananificha raha zake, nikanuna.

Juzi, kwenye ufukwe wa Krabi, nilimwona yaya mmoja ameyapa majabali mgongo, macho kwa watoto majini. Mama hayupo duniani tena. Nilitamani angekuwa yeye, nimshike mabega, nimgeuze taratibu, nimwambie, "Tazama, mama. Watoto nawaangalia mimi."