Blanketi la Matamvua

Mama yangu alianza kuniita mwizi mwaka aliohamia kwangu. Hakuniita kwa siri. Mgeni akikaa tu, hata maji hajaletewa, Mama anamsogelea na kumwambia, "Huyu binti yangu ameniibia blanketi alilofuma marehemu mama yangu. Hebu mwulize amelificha wapi."

Blanketi lenyewe lilichukuliwa na mdogo wangu wa kiume, ambaye nyumbani tunamwita Bwana Mkubwa tangu alipokuwa anavaa kaptura. Lilikuwa kitandani kwa Bibi siku alipofariki. Mimi ndiye niliyemwuguza Bibi, nikimgeuza na kumfulia, kwa kuwa sikupelekwa shule na mikono yangu ilihesabiwa kuwa haina kazi. Bwana Mkubwa alikuja siku ya mazishi, jioni akasema gari lake lina baridi, akaondoka nalo. Mama aliyaona hayo kwa macho yake. Lakini siku hizi kichwa chake kinachagua cha kubaki nacho, na mimi sikuchaguliwa.

Nilimpigia simu mdogo wangu.

"Lile kuukuu?" akasema. "Wifi yako alilitandika kwenye buti ya gari. Liliishia hukohuko."

"Basi mwambie Mama kwamba ulilichukua wewe. Watu wananitazama vibaya."

"Dada, na wewe! Mtu mzima unabishana na mgonjwa? Nitamwambia nikija."

Hakuja.

Kazi yangu ni kufua mashuka kwenye nyumba ya wageni. Siku moja meneja alinifuata kwenye karo, akaniomba nifungue mkoba. Kulikuwa na taulo hazionekani. Maneno ya Mama yalikuwa yamefika mpaka kwake. Nilifungua. Ndani mlikuwa na kitana, kanga na chupa ya maji. Taulo zilionekana baadaye chini ya kitanda cha mgeni, na hakuna aliyerudi kuniambia chochote. Sikuona aibu wala hasira. Nilisimama nikitazama povu likizunguka kwenye tundu la karo. Nilipotoka kazini nilipitia dukani, nikanunua uzi. Nilifuma moyoni kabla ya kufuma kwa mikono: nitamtengenezea lingine lisilo na tofauti, anyamaze.

Namna ya kulifuma haikuwahi kuandikwa popote. Bibi alikuwa mfagiaji katika karakana ya masweta ya wanafunzi, na uzi wake wote ulitoka kwenye takataka za mashine: buluu, kijani, kijivu, rangi ya damu ya mzee. Kroshia nilijifunza kwa kumtazama, lakini mimi nilizoea vitambaa vya makochi tu. Nilifuma kama nilivyojua, mstari wa kwenda, nageuza, mstari wa kurudi. Mwisho nikafunga matamvua pande zote mbili.

Mama haoni vizuri. Alilipapasa, akaligeuza, akalipapasa tena.

"Hili lina mgongo huku na mgongo huku," akasema. "La mama yangu lilikuwa na uso." Akavuta tamvua moja, likang'oka, likabaki mkononi mwake. "Ona! Unaniletea takataka ili nisahau langu."

Nililichukua, nikaliweka juu ya kabati. Nilikuwa nikifua siku kadhaa bila kuliwaza. Kisha, nikikamua shuka, nikakumbuka makofi ya Bibi. Tulipokuwa wadogo tulipenda kuvuta yale matamvua, na ukivuta moja halikung'oka. Mstari mzima ulijikunja kama uso wa mtu aliyeonja ndimu, na Bibi akakuzaba kofi.

Matamvua hayakufungwa baadaye. Yalikuwa ncha za uzi wenyewe. Bibi hakuwa na uzi mzima, alikuwa na vipande. Kila kipande alikinyoosha kutoka mlangoni hadi dirishani. Kikifika, kinatosha mstari mmoja. Aliufuma, akaacha ncha inaning'inia, akaanza mwingine upande uleule wa kwanza. Hakugeuza kazi hata mara moja. Ndiyo maana lilikuwa na uso.

Nilifumua lote. Nikaanza kukata uzi vipande.

Jirani yangu msusi alinikuta mkasi mkononi. "Wewe dada, umechanganyikiwa? Uzi mzima, wa dukani, unaucharanga kama mchicha?"

"Ndivyo unavyotakiwa."

"Na mwenye kutaka hivyo ni nani?"

"Marehemu."

Akaangalia mlango, akaangalia mkasi, akasema ameacha mteja na nusu ya kichwa, akaondoka.

Lilipokwisha nilimfunika Mama magoti. Vidole vyake vilitembea ukingoni mpaka vikashika tamvua moja. Akavuta. Mstari ukajikunja. Mama akacheka, kicheko chembamba ambacho sikuwa nimekisikia tangu nikiwa msichana. Kisha akanigeukia.

"Kumbe ulikuwa nalo muda wote."

"Nimelifuma mimi, Mama. Shika, uzi bado mpya."

"Kazi ya mama yangu hii. Wewe utaiwezea wapi?"

Wageni waliokuja baada ya hapo walionyeshwa blanketi. Mama aliwaambia limepatikana na aliyekuwa amelificha ni mimi, na walipolishika waliona kuwa kweli kuna kitu kimerudishwa.

Bwana Mkubwa akaja, Jumapili, amepaka mafuta mazuri.

"Baba yangu, umefika!" Mama akamwita. "Shika uone. Huyu alikuwa nalo."

Mdogo wangu alilishika. Alipitisha kidole gumba juu ya mistari, akaangalia upande wa nyuma, akanitazama.

"Mwambie," nikasema.

Akakohoa. "La muhimu limeonekana, Mama. Msamehe tu, ni mwanao."

"Nimeshamsamehe. Ila uende nalo wewe. Hapa litaibiwa tena."

"Mama, si lazima..."

"Chukua, baba. Kwako ndiko kuna usalama."

Akalikunja, kwanza mara mbili, halafu tena. Matamvua yakatokeza chini ya kwapa lake. Mkono mwingine ulikuwa umeshika kapu la ndizi nililomfungia mke wake, kwa hiyo nikamfungulia mlango. Alisema asante dada. Nikasema karibu tena. Nilirudi ndani nikamfunika Mama shuka, naye akalala.