Barua Isiyo na Salamu

MUSOMA. Saa mbili asubuhi, chai yake haijapoa, na tayari Dafroza Masatu ameshamfukuza tajiri mmoja, mjane wa jenerali na muuza dawa za nguvu za kiume.

"Toka!" anasema, anabofya. "Na wewe toka. Mama wee, huyu naye karudi! Si jana tu nilikufukuza?"

Mlangoni hakuna mtu. Wageni hao wote wamo ndani ya kompyuta, katika chumba cha intaneti kilichoko jirani na soko la Musoma mjini. Dafroza, mama wa miaka arobaini na saba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ndiye mhudumu hapa, ndiye fundi na ndiye mfagiaji. Hii ya kufukuza hailipwi hata senti. Anaifanya kwa sababu ya litungu.

Litungu, chombo kile cha nyuzi kinachopigwa na wazee wa Mara, kina kundi lake la barua pepe. Ukiandika barua moja, inawafikia wapenzi wote wa litungu popote walipo. Wamo walimu, wanafunzi wa Dar es Salaam, mvuvi wa Kibara, hata nesi mmoja aliyeko Uswidi. Msimamizi wao ni Dafroza.

"Apolinary wa Kibara anasemaga uzi wa litungu ukiwa mshipi wa kuvulia sangara ndio unaolia vizuri," anasimulia huku akicheka. "Mwalimu Stanislausi wa Nyamuswa hataki kusikia, kwake ni kano ya ng'ombe basi. Wamegombana mwaka mzima na hawajawahi kuonana. Nawapenda, jamani!"

Lakini mwaka juzi kundi hilo lilikuwa linakufa. Barua taka zilimiminika: umeshinda bahati nasibu ambayo hukucheza, nunua vidonge, nisaidie kutorosha mamilioni. Mtandao hapa unapita kwenye waya wa simu na unatambaa. Mwanachama analipa shilingi mia tano kwa nusu saa, na nusu saa nzima inaishia kwenye tangazo la vidonge ambalo halifunguki. Watu wakaanza kujitoa, mmoja mmoja.

Dafroza aliumia kweli. Alikuwa mpiga chapa kiwandani hadi ubinafsishaji ulipomkuta, akapunguzwa kazi pamoja na nusu ya wenzake. Kundi hili, anasema, ndilo lililomrudishia watu wa kuongea nao.

"Zamani sabuni ilikuwa hakuna, sukari hakuna, tulikuwaga tunapanga foleni mpaka miguu inavimba," anasema. "Leo kila kitu kipo. Mpaka takataka zinakuja zenyewe mezani!"

Aliyeliokoa kundi hakujua kusoma. Ni Mzee Burito, mpiga litungu wa huko Butiama, ambaye kila alipokuja mjini aliketi kando ya Dafroza asomewe barua za wenzake, kisha ajibu kwa mdomo.

"Andika hamjambo," alikuwa akisema. "Andika ng'ombe wameamkaje. Mvua je? Na yule mtoto aliyekuwa anakohoa?"

"Mzee, muda unakwisha."

"Uishe tu, mwanangu. Nitaanzaje maneno na mtu ambaye sijamjulia hali?"

Siku moja Dafroza alimsomea, kwa utani, barua ya yule mjane wa jenerali. Mzee akakunja uso.

"Kuniita rafiki mpendwa si kunisalimia. Hajauliza hata watoto wamelalaje, anataka tu. Si mtu huyo. Futa."

Ikawa sheria. Kila barua hupitia kwanza kwa Dafroza, na isiyo na salamu inafutwa bila kusomwa hadi mwisho. Kundi likapona, waliojitoa wakarudi, na Mzee Burito akatembea kifua mbele kama askari mpya.

Kisha ukaja mwezi Machi mwaka huu. Iliingia barua kutoka anwani asiyoijua, herufi kubwa tupu: HARAKA. ANATAKIWA MPIGA LITUNGU. AFIKE KESHO KABLA YA ALASIRI. Salamu hakuna. Dafroza akaifuta kama kawaida yake. Jioni ile angemwaga na pipa la taka la kompyuta, zinakobaki barua zilizofutwa, ila umeme ulikatika, akafunga ofisi.

Asubuhi yake mwanamke alisimama mlangoni, kanga imekazwa kiunoni.

"Karibu dada, habari za asubuhi?"

Mwanamke hakuitikia. "Mimi ni Wankyo," alisema. "Nilituma barua jana kutoka Bunda. Nimekuja mjini kuchukua jeneza nikaona nipite niulize. Mbona kimya?"

Hapa Dafroza anavua miwani, anaifuta, na machozi yanamshinda.

"Moyo ulifanya paa! Wankyo ni binti wa Mzee Burito. Mama yangu ni wa ukoo wao, na kwao aliyefiwa hasalimii wala haitikii mpaka maiti izikwe. Babu alipofariki, mama alinipita njiani pale Buhare kama hanijui. Nilikuwa najua! Najua tangu utoto, halafu nikafuta!"

Mzee alikuwa ameacha neno moja: atolewe nyumbani kwake kwa litungu. La kwake lilikuwa limekatika nyuzi wakati wa ugonjwa, na wanawe hakuna aliyejifunza kupiga. Mazishi yalikuwa alasiri ile ile.

Dafroza alifungua pipa la taka. Barua ilikuwemo bado, na safari hii aliisoma mpaka chini: Baba ametutoka. Wankyo Burito, Butiama. Alibadilisha KESHO tu ikawa LEO, akaituma kwa kundi zima bila kuongeza hata hamjambo. Halafu akapiga simu shuleni kwa Stanislausi, akapiga na Kibara, kwenye duka ambalo Apolinary huachiwa ujumbe. Akafunga ofisi bila kumuaga tajiri wake, yule aliyemwajiri, akapanda gari la jeneza pamoja na Wankyo.

Butiama wazee walishaanza kutazama jua. Wakasema basi, tumtoe hivyo hivyo. Wankyo akakaa mlangoni, akagoma kupisha.

Ndipo Stanislausi akaingia kwa pikipiki ya kuazima, litungu mgongoni. Muda si mrefu lori la samaki likamshusha Apolinary na la kwake. Hao waliotukanana mwaka mzima waliketi bega kwa bega, hawakusalimiana, wakalinganisha kano na mshipi mpaka zikapatana. Mzee Burito akatoka nyumbani kwake kama alivyotaka.

"Baada ya kuzika ndipo wakasalimiana," Dafroza anasema, na sasa anacheka na kulia pamoja. "Wee! Giza limeingia bado wanaulizana ng'ombe!"

Tajiri wake alifoka, kisha akasamehe. Sheria ya kundi nayo imebadilika. Barua isiyo na salamu haifutwi tena papo hapo, inajibiwa kwanza: Pole. Kuna msiba? Wengi hurudi kuomba namba ya akaunti ya benki.

"Huyo sasa namfuta kwa raha zangu."

Juu ya kompyuta yake limetundikwa litungu la Mzee Burito, zawadi ya Wankyo. Dafroza anataka kulifunga nyuzi upya, nusu kano, nusu mshipi, ili pasiwe na wa kununa. Mwezi Machi ujao, marehemu akitimiza mwaka, anataka wanakundi wote wakutane Butiama uso kwa uso. Stanislausi ameahidi kumfundisha wimbo mmoja, ingawa vidole, anakiri, bado vizito.

Mashine inalia. Barua mpya imeingia, haina salamu. Dafroza anaachia kipanya, anaandika polepole: Pole. Kuna msiba?

"Akisema upo," anasema, macho kwenye litungu, "safari hii sitapiga simu. Nitakwenda kupiga mwenyewe."