Mizani Kwenye Mnada wa Kanisa

Nilianza kujifunza kuandika mashairi nikiwa tayari na wajukuu. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, alinifunza kuhesabu mizani kwa vidole: kila silabi kidole kimoja, na kila kipande kiwe na mizani nane. Nikawa nahesabu kila mahali, shambani, sokoni Kiritiri, hata kanisani.

Jumapili moja baada ya ibada tuliketi nje kwa mnada wa sadaka. Kwetu, asiye na pesa huleta mayai, ndizi au kuku, na mzee wa kanisa huvinadi hapo hapo. Mimi nilikuwa nimekwama kwenye kipande changu cha kwanza: "Mvua njoo Kiritiri." Kila nikihesabu napata tisa. Nikanyoosha vidole tena, kimoja kimoja, juu kidogo ili nivione vizuri.

"Baba pale nyuma ameongeza," mzee akasema. "Ameongeza tena. Bado anaongeza."

Hakuna aliyeshindana nami. Nilikuwa napandisha bei peke yangu. Nilipozinduka, watu wanapiga makofi na jogoo mwekundu amewekwa mapajani pangu.

Mke wangu hakupiga makofi.

"Huyo ni jogoo wetu, mzee," akasema. "Asubuhi nimembeba kutoka nyumbani, na wewe ukitembea kando yangu ukihesabu."

Tulirudi nyumbani, jogoo kwapani. Kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi, nilihesabu kwa vidole vya miguu, ndani ya viatu: jogoo wa Kiritiri.

Nane kamili.