Mkia Ulionivusha

Padri wetu amehubiri mara nyingi juu ya unyenyekevu, na mimi kila mara nilikuwa namtazama mtu mwingine. Shule niliishia darasa la nne, lakini kiburi nilikisoma mpaka mwisho. Majina hapa sitataja. Vyeo nitataja.

Shamba langu la mpunga liko ng'ambo ya Katindiuka, kule chini karibu na mto. Jirani yangu ni mfugaji, Msukuma, mdogo kwangu kwa umri. Kila asubuhi akipita na ng'ombe wake ananiamkia, "Shikamoo mzee." Mimi naangalia mpunga. Nimwitikie mtu ambaye ng'ombe wake wanakula jasho langu? Kwenye mkutano wa kijiji nilisimama nikasema hawa watu na mifugo yao warudi walikotoka. Nikapigiwa makofi. Aliyepiga kuliko wote ni mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa.

Masika ile mto ukaingia shambani. Alfajiri niliamka kibandani maji yamefika kitandani, nikapanda juu ya paa la nyasi. Kulipokucha akapita mwenyekiti na mtumbwi wake, umejaa magunia ya mpunga. Nikamwita. Akanijibu kwa upole, kama anayefunga sala:

"Vumilia, ndugu yangu. Nikashushe mzigo, nitarudi kukuchukua."

Mpaka leo anashusha.

Paa likaanza kulegea. Ndipo nikasikia, "Shikamoo mzee!" Ni jirani yangu, ameshika mkia wa ng'ombe, kundi zima linaogelea kuelekea mwinukoni.

"Marahaba!" Nadhani hata kule mbali Lipangalala walisikia.

"Shuka, ushike mkia wa huyu dume. Usiachie, hata akifanya nini."

Akafanya. Nilikuwa nyuma yake, mdomo wazi, namwomba Bikira Maria. Nikavuka.

Jumuiya wakapanga nitoe ushuhuda kanisani Jumapili. Katekista na mwenyekiti wakaja nyumbani kunifundisha.

"Useme Mungu alikushika mkono," akasema katekista. "Mambo ya mkia kanisani hayapendezi."

"Na mtumbwi?"

Mwenyekiti akakohoa. "Unyenyekevu, ndugu, ni kutotaja makosa ya wenzako."

"Hata kama mwenzangu ni wewe?"

"Hasa hapo."

Nilitaka kuwatii, sidanganyi. Ule mkono ulinipendeza. Mtu aliyeshikwa mkono na Mungu akipita Kibaoni anapishwa njia. Mtu wa mkia anachekwa mpaka anazikwa. Jumapili nikasimama mbele nikiwa na ule mkono wa Mungu tayari mdomoni. Nikamwona jirani yangu amekaa benchi la mwisho, fimbo katikati ya magoti. Mimi sikumwalika. Mke wangu ndiye aliyemwalika, bila kuniambia.

Nikisema mkono, huyu amekuja kusikiliza nini?

Nikasema mkia. Nikasema na kilichotoka chini ya mkia, kwaya wakashindwa kujizuia kucheka. Nikasema yupo mtu aliniamkia miaka yote, nami sikumwitikia mpaka maji yaliponifundisha adabu. Halafu nikasema mtumbwi ulipita na magunia. Mwenyewe sikumtaja, lakini kwetu mtumbwi mkubwa vile ni mmoja tu. Shingo zote ziligeuka.

Nje, mwenyekiti akanivuta kando. "Bado una kiburi, ndugu yangu. Nitakuombea."

"Niombee," nikamwambia, "ukimaliza kushusha mzigo."

Jirani yangu akanifuata, akaniamkia, nikaitikia. "Yule dume mkia bado unamuuma, mzee. Ulivuta kama unapiga kengele ya kanisa."

Sasa naitwa Baba Mkia, sokoni na hata kwenye foleni ya komunyo. Nilidhani nitakuwa mpole baada ya hapo. Wapi! Juzi ng'ombe wake wameingia tena kwenye mpunga wangu, na huyo dume wangu akiwa mbele yao. Nilitoka na maneno yangu yote.

"Shikamoo mzee," akasema.

Nikameza mate. Marahaba kwanza. Ndipo tukagombana.